Puti za kona zilinitesa, kumbe kusoma mteremko nilikuwa najua

Mi kwenye gofu shida yangu ilikuwa grini, pale penye nyasi fupi na shimo. Puti, yani ule mkwaju wa kubingirisha mpira kwenda shimoni, ikinyooka naingiza, ila ile ya mita tatu inayokata, yani inayopinda, kushoto, hiyo andika mikwaju mitatu kabisa. Na kila mtu alikuwa na ushauri wake. Rafiki yangu mmoja kila siku "piga kwa nguvu, haitapata muda wa kupinda". Nilimsikiliza wiki mbili, puti zangu za kurudia zikawa ndefu kuliko za kwanza.

Mwingine akanifundisha kuning'iniza fimbo. Yani unasimama nyuma ya mpira, unafumba jicho moja, fimbo umeishika kwa vidole viwili inaning'inia mbele ya uso kama fundi anayepima ukuta kwa timazi. Miezi minne jamani nimefanya hivyo, uso nimeukunja kweli kweli, watu wananisubiri, na sioni chochote! Siku moja kedi, yule anayenibebea fimbo, akaniuliza kwa upole, "Bosi, jicho lako lenye nguvu ni lipi?" Sikujua hata kama macho yanazidiana. Tukapima, kumbe lenye nguvu ndo nilikuwa nalifumba. Wakati huo nilishanunua na fimbo mpya ya hela nyingi tu, nayo ikawa inakosa vilevile, upande uleule wa chini ya mteremko.

Kilichonifungua ni uchovu. Niko grini ya mazoezi, nikachuchumaa nikaanza kubingirisha mipira kwa mkono, basi tu. Wa tatu ukazunguka ukadumbukia. Nikajiuliza mkono umeutuma wapi? Nusu hatua nzima kulia kwa shimo! Kwa fimbo nisingethubutu kulenga huko hata kwa kulazimishwa. Yani mteremko nilikuwa nauona, ila nikishika fimbo macho yanang'ang'ania shimo mpaka mwisho na mikono inayafuata macho.

Kwa furaha nikaenda kubingirisha tena katikati ya mashindano, kwenye grini ninayoichezea. Adhabu mikwaju miwili. Huruhusiwi kuijaribu grini hivyo, nami nilikuwa nimechuchumaa natabasamu.

Siku hizi nasimama upande wa chini, katikati ya mpira na shimo, hapo mlima unauona na miguu inausikia. Mita ya mwisho ndo naitazama sana, kwa sababu mpira ukichoka ndo unapinda haswa. Halafu nachagua doa, jani, chochote, kiganja kimoja mbele ya mpira, napitisha hapo na shimo nalisahau. Kupandisha inakata kidogo, kushuka inakata sana, sasa wewe spidi yako usipoijua hata doa halikusaidii. Nataka mpira ufike umechoka, maana shimo lina milimita 108 na mpira unaokuja taratibu kutoka juu unaweza kuingilia hata ubavuni. Ukishapita chini ya shimo umeenda, haupandi tena.

Juzi nikawa na yule yule wa "piga kwa nguvu". Mita nne, inashuka, inakata kushoto. Nikalenga kulia huko, akacheka kabla sijapiga. Mpira ukaenda zake, ukageuka, ukasita mdomoni, ukadondoka kwa ubavu. Akasema "bahati hiyo".

Nikamwambia kweli kabisa, bahati, hebu niokotee basi mpira.