Kiitikio cha Alfajiri

Mdogo wangu amepangiwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na wiki nzima hii akinipigia simu habari ni bukta. Maelekezo yanataka bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini. Fulana ya kijani isiyo na maandishi. Raba za kijani au bluu. Shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi. Kazunguka Kariakoo kutwa nzima, kila bukta anayoonyeshwa ina zipu. Nimemwambia anunue kitambaa ampelekee fundi, yaishe.

Anachotaka kujua zaidi ni kama maafande ni wakali. Ni wakali, ndiyo. Lakini nilipokata simu nilibaki nawaza mchakamchaka, zile mbio za alfajiri za kambini, na nikaona kwamba ukali wenyewe siukumbuki sana.

Mimi nilipita kwa mujibu wa sheria, yaani mafunzo ya lazima baada ya kidato cha sita, kwenye kambi moja ya Nyanda za Juu Kusini, mwezi wa sita, wakati baridi ya kule haina utani. Mpango wenyewe ulikuwa umesitishwa mwaka 1994, ukarudishwa 2013, na mwaka huo hata baadhi ya wabunge vijana walikwenda kambini. Mama yangu alipita miaka ya themanini. Katikati yetu kuna wajomba na mama wadogo chungu nzima wasiojua hanga (bweni la kambini) wala kombania (kikosi chenye platuni kadhaa), na ndio wanaotoa ushauri mwingi zaidi kuhusu jeshi.

Filimbi ililia saa kumi alfajiri. Unatoka hangani giza totoro, pumzi inatoka mdomoni kama moshi, mnajipanga, mnahesabu namba, mnaondoka. Afande wa platuni yetu alikuwa mama mmoja mfupi, koplo, mwenye sauti ya kukwaruza. Tulipotoka nje yeye alikuwa tayari ameshaamka, ameshavaa, ameshapita mahanga mengine. Sikuwahi kumwona akipiga mwayo.

Mwanzoni warefu walitangulia, maana kwenye gwaride mtu hupangwa kwa kimo. Matokeo yake tulioko nyuma tuliteseka. Wa mbele wakiongeza hatua kidogo tu, mkia unaachwa, kisha unalazimika kutimua mbio kuziba pengo, kisha unagongana na migongo ya watu waliopunguza tena. Yaani umbali ni uleule, lakini wa nyuma anachoka maradufu. Afande akaja akatugeuza: waliokuwa wazito wa mbio wakatangulizwa, wenye nguvu wakarudishwa nyuma. Wenye nguvu walinung'unika kimoyomoyo, maana kunung'unika kwa sauti kulikuwa na bei yake, na bei yenyewe ilikuwa kuruka kichura. Safu ikaacha kukatika.

Halafu kuna chenja, nyimbo za mchakamchaka. Asiyepita huko anadhani zile nyimbo ni za kuchangamsha tu. Mmoja anaanzisha, kombania nzima inaitikia, mguu wa kushoto unatua kwenye mpigo. Mwanzishaji wetu alikuwa kuruta mwenzetu asiye na cheo chochote, kijana mwembamba kutoka Kigoma, na kwa saa nzima ile mwendo wetu wote ulikuwa kooni mwake. Afande yeye hakuimba. Alikimbia pembeni, mara mbele, mara nyuma, kwa hiyo hesabu ya haki ni kwamba alikimbia zaidi yetu. Nilichelewa kugundua alichokuwa anafanya: alikuwa anasikiliza kiitikio. Mtu aliyeishiwa pumzi hawezi kuimba. Sauti zikianza kufifia upande wa nyuma, alimpigia kelele mwanzishaji abadilishe wimbo, alete ule wa taratibu, na miguu yote ikafuata bila yeye kutangaza kwamba kuna watu wamechoka. Hakuna aliyeaibishwa. Wengi hawakujua hata kwamba kuna kitu kimefanyika.

Sasa niseme jambo linaloniudhi. Nimefanya kazi chini ya bosi aliyependa kutukumbusha kwamba yeye "amepita jeshini". Alichotoka nacho huko ni kufoka. Saa tatu asubuhi anaingia ofisini na chai yake mkononi, anaanza kugombeza watu waliofungua milango saa moja. Afande wangu angefoka pia, lakini angekuwa amefungua milango yeye. Mtu akichukua kelele peke yake na kuacha lile la kutangulia kuamka, bora angebaki nyumbani.

Siku hizi nasimamia zamu kwenye ghala la vinywaji. Tuna kundi la WhatsApp, na nikituma ratiba watu wanajibu "sawa". Nimezoea kuangalia nani hajajibu, hasa yule aliyekuwa wa kwanza kujibu zamani. Mwezi uliopita mpakiaji mmoja aliyezoea kututania asubuhi alinyamaza wiki nzima. Nilimtafuta pembeni, si kikaoni. Mgongo ulikuwa unamsumbua na alificha akihofia kupunguziwa siku. Tukampeleka upande wa kuhesabu stoo hadi alipopata nafuu.

Nimebadilisha pia upangaji wa kupakia malori: wageni wanakaa karibu na lori, kreti zinakwenda kwa kasi yao, wazoefu wanashika upande wa rafu. Mzee mmoja wa hapo, ambaye amekuwepo kabla yetu sote, haafiki. Ananiambia, "Binti yangu, unatuchelewesha." Kwa siku za kawaida nimepima, hatuchelewi. Ijumaa malori yakija mengi kwa pamoja ana hoja, na siku hizo namwachia apange yeye.