Nyasi Kando ya Nguzo ya Stima

Ploti tuliyoishi upande wa Lang'ata, Nairobi, ilikuwa na vyumba kumi, choo kimoja, na uwanja wa saruji uliopasuka katikati. Hapakuota unyasi hata mmoja. Naanza na hilo kwa sababu bila nyasi kisa hiki hakieleweki.

Bibi yangu mzaa baba, aliyeishi Kajiado hadi mwisho wa maisha yake, aliwahi kuniambia kwamba mtoto anayechapwa akiwahi kung'oa nyasi na kuziinua juu, fimbo husimama. Haijalishi amekosa nini. Nyasi ni uhai wa ng'ombe na ng'ombe ni uhai wa watu, kwa hiyo aliyeshika nyasi ameomba amani, na anayeombwa amani kwa nyasi hana ruhusa ya kuinyima. Bibi alichutama, akang'oa, akainua mkono juu ya kichwa chake ili nione. Nilidhani ni mchezo. Nilikuwa na miaka 6, na kwake nyasi zilikuwa hadi mlangoni.

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 14, darasa la nane, nikijiandaa kwa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi wakati huo. Ndio mwaka ule ukame ulipobabua nchi ya Wamaasai na wafugaji wakaingiza mifugo Nairobi. Waliokuwapo wanakumbuka: ng'ombe wenye mbavu za kuhesabika wakijikokota kando ya Barabara ya Lang'ata, matatu za 125 na 126 zikiwapigia honi, na wachungaji wenye shuka wakiwapisha watu waliokuwa wakikimbilia kazini. Walikula nyasi za mitaroni, nyasi za mbele ya mageti ya matajiri, mahali popote palipobaki na rangi ya kijani. Baadhi ya ng'ombe hao walikuwa wa baba zangu wadogo. Pamoja nao alikuja mzee mmoja, ambaye hapa nitamwita Mzee tu.

Lazima niseme Mzee alikuwa nani kwa baba yangu. Kwetu Wamaasai, rika jipya la morani, vijana wapiganaji, huwashiwa moto na wazee wa rika lililowatangulia kwa hatua mbili. Wazee hao huitwa olpiron, kutokana na kijiti cha kupekechea moto. Hao ndio walezi wa morani: huwafunza, huwatoza faini, huwabariki, na laana yao huogopwa kuliko fimbo. Mzee alikuwa olpiron wa rika la baba. Baba, ambaye mimi niliamini hakuna kiumbe duniani anayemtisha, alipomwona Mzee alishusha sauti.

Na baba alikuwa mkali. Aliletwa Nairobi na kazi ya ulinzi wa usiku, lakini alitulea kana kwamba bado tuko kwenye manyatta. Kuoga maji baridi saa kumi na moja alfajiri, Julai au Januari. Kutolia. Kutojibu ukiitwa mara moja ilikuwa kosa, kujibu kwa maneno mengi ilikuwa kosa pia. Kila Jumapili aliniketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuninyoa upara kwa wembe, wakati wanafunzi wenzangu walikuwa wakichongwa mitindo kinyozini. Nilipoomba niachiwe nywele kidogo tu mbele, alijibu, "Nywele ni za morani. Wewe ni layoni." Maneno hayo saba yalinichoma kuliko wembe: layoni ni mvulana ambaye bado hajatahiriwa.

Basi siku moja mwezi wa Agosti, saa kumi jioni, tulikuwa tukitoka shuleni, mimi na wavulana wanne. Ng'ombe walikuwa wamejaa mbele ya geti. Mzee akaniona, akasimama, akabana fimbo kwapani, akangoja.

Nilijua anangoja nini. Mtoto wetu hamsalimu mzee kwa mkono. Humwinamishia kichwa, na mzee huweka kiganja juu ya utosi. Mkono hutolewa na aliyekwisha kutahiriwa. Mimi nilikuwa nikingoja Desemba. Lakini wenzangu walikuwa nyuma yangu, na mmoja alikuwa ameshaanza kucheka kwa sababu ya masikio ya Mzee, ndewe zake zilizotobolewa zikaning'inia hadi karibu na mabega. Nikaona aibu. Nikamnyooshea mkono na kusema kwa sauti ya mtaani, "Sasa, Mzee."

Aliutazama ule mkono kwa muda mrefu. Hakuupokea, hakunikemea. Aliwapigia ng'ombe mluzi akaenda zake. Mkono wangu ulibaki hewani, na mpaka leo nikiukumbuka nausikia mzito.

Jua halijatua, baba alikuwa ameshapata habari. Sijui nani alimwambia. Alikuwa tayari amevaa koti la kazi, maana alipaswa kuwa getini kwa mwajiri wake saa kumi na mbili. Alichukua fimbo yake ya kuchungia nyuma ya mlango akaniambia nitoke nje, kwa kuwa chumba chetu hakikuwa na nafasi ya kuinua mkono.

Fimbo ya kwanza ilinipata nyuma ya magoti. Ya pili, pale pale. Majirani waliingia vyumbani na kufunga milango. Walimheshimu baba, na nadhani walimwogopa kidogo. Nilitazama chini nikaona saruji. Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi amechutama, mkono juu. Nikakimbia.

Nilitoka kwenye lango la ploti hadi kando ya barabara. Nyasi zilikuwa zimekwisha! Ng'ombe wetu wenyewe, ng'ombe wa baba zangu, walikuwa wamezikwangua hadi udongo. Nilitambaa mtaroni nikifukua kwa vidole: vumbi, karatasi za nailoni, mizizi. Baba alikuwa akija. Hakukimbia, mtu wa rika lake hamkimbizi mtoto. Niliziona mwishowe kwenye nguzo ya stima, pale waya wa kuikaza unapoingia ardhini, pembe nyembamba ambayo pua ya ng'ombe haikufika. Labda mashina kumi, yamekauka nusu. Niling'oa yote, nikageuka, nikainua.

Fimbo ilikuwa juu. Ikabaki pale pale juu.

Sikuwa na hakika kama baba anaifahamu desturi ile, au kama inafanya kazi Nairobi. Uso wake ulinijibu. Ulikuwa uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni katikati ya mji wa ugenini. Midomo ilitetemeka. Fimbo haikushuka wala haikurudi.

Mzee alitokea upande wa uwanja mtupu walikolaza ng'ombe. "Keti," akamwambia baba kwa Kimaasai. Na baba, na koti lake la ulinzi na viatu alivyokuwa ameving'arisha, akaketi chini vumbini kando ya Barabara ya Lang'ata. Mimi nilibaki nimesimama na nyasi zangu. Sijawahi kuona kitu kilichonitisha kama kile.

"Mzee, amekutukana mbele ya watu," baba akasema.

"Amenitukana mimi. Deni ni langu. Mbona unalidai wewe?"

Baba hakujibu. Baada ya kitambo Mzee akamwambia aende asichelewe kazini. Akainuka, akajipangusa, akaenda. Mzee akanigeukia: "Leo utachunga nami."

Usiku wa Agosti hapa mjini una baridi inayofika mfupani. Tuliwasha maboksi na vipande vya mbao. Ng'ombe walilala wakikoroma, na ndege zilishuka juu yetu kuelekea Uwanja wa Wilson. Nyasi zilikuwa bado mkononi. Niliogopa kuziacha.

Mzee alikamua kwa shida maziwa yasiyojaza hata kikombe, akanywa kidogo, akanipa. Kisha akasema, "Baba yako alipokuwa morani hakuruhusiwa kunywa maziwa peke yake. Lazima awe na mwenzake wa rika."

"Na mwenzake asipokuwapo?"

"Analala njaa."

Alichochea moto. "Sasa niambie. Huko anakolinda, anakula na nani?"

Nilimwona baba wazi kabisa, kwa sababu mimi ndiye nilimpelekea chakula mara nyingi: kibanda cha getini, hotipoti ya ugali na sukuma wiki magotini, tochi, redio ndogo. Anakula peke yake. Kila usiku, kwa miaka. Nilisema hivyo.

Mzee hakuongeza neno. Mimi ndiye nimelimalizia kwa miaka yote hii. Ule ukali wa umorani haukuwa wa mtu mmoja juu ya mtoto mmoja. Morani aliyenyimwa kitu alinyimwa pamoja na rika zima, walitozwa faini pamoja, waliimba pamoja, na aliyewakemea alikuwa olpiron ambaye si baba wa damu, mwenye kazi ya kubariki sawa na kazi ya kulaani. Mtoto aliyepigwa alikuwa na nyasi miguuni mwake. Baba alihamia Nairobi na fimbo na maji baridi. Wenzake, na wazee wake, na nyasi, havikuingia kwenye mzigo. Alikuwa rika zima peke yake, ndani ya chumba kimoja cha mabati, na sisi ndio tuliokuwa tukipokea uzito ambao haukukusudiwa kubebwa na mtu mmoja. Simtetei kwa viboko vile. Nina mwana wa miaka 9 sasa, sijamwinulia mkono na sitamwinulia. Lakini nimemtafutia watu: wajomba, majirani wawili ninaowaamini, wazee wa kwetu kila likizo. Wana ruhusa ya kumkanya, na mimi wana ruhusa ya kuniambia nikae chini.

Usiku ule, karibu na alfajiri, nilisogea nikamwinamishia Mzee kichwa. Aliweka fimbo katikati yetu.

"Si leo," akasema. "Leo unaogopa. Kichwa ni chako, utakileta ukitaka. Na Desemba ukipepesa jicho mbele ya kisu, mimi nitakuwa wa kwanza kuondoka." Alisema yote mawili kwa sauti ile ile. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

Nilimpelekea kichwa hicho baada ya KCPE, Kajiado, wiki moja kabla ya emuratta, yaani tohara, wakati bado nilikuwa layoni na bado kilikuwa na maana. Hakuna aliyeniambia. Kiganja chake kilikuwa kikavu, na alikiacha pale zaidi ya inavyohitajika.

Lakini asubuhi ile ya Agosti baba alirudi kutoka kazini jua likichomoza. Alitujia moja kwa moja kabla ya kupita nyumbani. Alimsalimu Mzee. Kisha akachuchumaa mbele yangu na kutazama ngumi yangu, na mimi nikaikaza zaidi, maana sikujua amani ya nyasi hudumu kwa saa ngapi. Akaifungua kidole kimoja kimoja. Nyasi zilikuwa zimelowa jasho na kukatikakatika. Alizikusanya zote, pamoja na zilizonata kiganjani. Akazipeleka kwa mtamba mmoja aliyekuwa ameshindwa kusimama, akamwinua kidevu, akamlisha.