Kasa kwenye jarife: sheria inasema nini

Wavuvi wengi wa Lamu wanalijua juya, wavu wa kukokota hadi ufuoni: limepigwa marufuku tangu 2001, pamoja na nyavu za uzi mmoja na bunduki za samaki. Kwa kasa, ng'amba na nguva mambo ni mazito zaidi. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013, kama ilivyorekebishwa, kupatikana tu na nyara ya mnyama aliye hatarini bila kibali ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote. Kuifanyia biashara, faini inaanzia milioni 100. Gamba, mafuta, mayai, vyote ni nyara. Kwa hivyo "nimeletewa tu chupa ya mafuta ya kasa, ni dawa" si utetezi.

Kasa akinasa kwenye jarife, yaani wavu mkubwa wa kutega, kata uzi, usimvute kwa bawa. Akiwa amelegea, usimrudishe majini, atazama. Mlaze kifudifudi kivulini, sehemu ya nyuma iinuke kama sentimita 15 maji yatoke mapafuni, mfunike kwa kitambaa kibichi na piga simu KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya). Wengine huzinduka baada ya saa nyingi.