Anayekula barafu ni boksi, si mbuta

Pita bichi za wavuvi wa Ziwa Victoria asubuhi, iwe Dunga, au Usenge, au Mbita, utasikia lalamiko lile lile: barafu imepanda bei, na haifiki jioni. Bei hatuna la kuifanya. Hilo la kutofika jioni, hapo tuna neno, kwa sababu ukiifuata barafu tangu inaponunuliwa mpaka imalizike utakuta sehemu ndogo tu ndiyo iliyompoza samaki. Iliyobaki imeliwa na mbao, jua na mfuniko usiofunga vizuri.

Hesabu yake si ngumu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka humeza joto la kilojuli 334. Kilo moja ya samaki hutoa kama kilojuli 3.5 kwa kila digrii anayoshuka. Mbuta (sangara) akitoka majini akiwa na digrii 26, kumfikisha sifuri ni kama kilojuli 91 kwa kilo. Gawanya: kilo moja ya barafu inatosha samaki wa kilo tatu na nusu. Kwa mzigo wa kilo 100 unahitaji kilo 27 za barafu, basi. Sasa mbona kila mwenye boti ya kukusanya samaki huko visiwani Remba na Ringiti huambiwa abebe barafu kilo kwa kilo na samaki? Hiyo ya ziada yote ni ya kulilisha boksi.

Chukua boksi ambalo ndani lina urefu wa sentimita 100, upana 60 na kina 50. Hilo ni la lita 300. Nje kuna digrii 28, ndani sifuri. Likiwa la ubao mtupu wa sentimita 2.5, linapitisha joto la kuyeyusha karibu kilo 70 za barafu kwa siku, na hapo hujamweka samaki hata mmoja. Liwe na povu gumu jeupe la sentimita 5 pande zote, lile linalokuja limeizunguka televisheni mpya, na zinashuka hadi kilo 13 hivi. Safari ya siku mbili kwa boksi la ubao ni kilo 140 za kulisha ubao. Hazitaingia hata ukiwatoa samaki wote, maana barafu ya chenga ya kilo 140 inataka lita zaidi ya 300.

Usituamini hivi hivi, lipime la kwako. Jioni litie barafu kilo 20, lifunike, liweke kivulini, chomeka mpira kwenye tundu la chini uingie ndani ya jerikeni. Asubuhi pima maji. Kila lita ni kilo moja ya barafu iliyokwenda. Zidisha upate ya saa 24, na ukumbuke kwamba mchana itazidi hiyo. Ukikuta lita 3 kwa usiku mmoja, una boksi zuri, liheshimu. Ukikuta jerikeni limejaa na barafu imekwisha, acha kumlaumu mwenye mashine ya barafu.

Povu gumu ni ghali na huvunjika vipande vipande. Kwetu huku kuna kitu ambacho watu wanakichoma moto kando ya barabara: makapi ya mpunga. Kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero na West Kano yako milima kwa milima. Makapi makavu yakipata unene wa sentimita 10 huzuia joto sawa na lile povu la sentimita 5, pengine kulipita kidogo. Unatengeneza maboksi mawili, dogo ndani ya kubwa. Kwa ndani la 100 kwa 60 kwa 50, la nje liwe na nafasi ya ndani ya 120 kwa 80 kwa 70, ili pengo la sentimita 10 lizunguke pande zote, sakafu na mfuniko vikiwemo. La nje plaiwudi, la ndani mabati bapa yaliyochomelewa maungio. Kabla ya kujaza, pande zote mbili za pengo zitandikwe karatasi nzito ya nailoni. Jaza makapi kidogo kidogo ukishindilia kwa kijiti, maana ukimimina tu yatashuka safarini na kuacha pengo tupu juu, na joto hupenda kuingilia huko huko juu. Andaa magunia matatu hadi manne. Baada ya safari chache fungua kipande cha juu, ongeza.

Adui wa makapi ni maji. Yakilowa hupitisha joto, huoza, na boksi huanza kunuka hata likiwa tupu. Na maji huingilia mahali pamoja karibu kila mara: kwenye bomba la kutolea maji. Fundi hupenda kuunga vipande viwili katikati ya ukuta. Kataa. Iwe bomba moja zima la nusu inchi kutoka ndani hadi nje, kwenye kona iliyo chini kuliko zote, lizungushiwe gundi ya silikoni ncha zote mbili, na nje liwe na kizibo. Mfuniko nao: kata tyubu kuukuu ya baiskeli, igongomee kuzunguka ukingo mzima, kisha weka kufuli mbili za kuvuta ili mfuniko uikandamize. Ukiufunga na mvuke bado unatoka kwenye ukingo, hapo ndipo pesa yako inapopotea.

Kuhusu barafu yenyewe, tahadhari na ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijazwa barafu ya chenga hubeba kama kilo 9. Ikijazwa barafu ya jiwe iliyopondwa hubeba kama kilo 14. Anayenunua kwa ndoo bila kuuliza ni ipi ananunua hewa. Ya chenga humkumbatia samaki na kumpoza haraka, lakini haikai sana. Ya jiwe hudumu zaidi, ila lazima ipondwe mpaka mabonge yasizidi ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Bonge lenye kona kali likilaliwa na mbuta wa kilo nane humchubua, na pale penye mchubuko ndipo minofu inapoanza kulegea. Ipondee ndani ya gunia safi juu ya ubao, si juu ya mchanga wa bichi. Na iwe imegandishwa kwa maji yaliyotibiwa: barafu haiui vijidudu vya ziwani, huvihifadhi tu.

Kupanga ni kazi ya mkono mwepesi. Chini kabisa weka fito au waya mgumu ulioinuka sentimita 3 ili samaki asiogelee katika damu yake. Juu yake barafu ya sentimita 5 hadi 7. Samaki safu moja, kichwa kwa mkia. Aliyetumbuliwa alale tumbo chini ili maji yasituame ndani, na tumbo lenyewe lijazwe barafu kwanza. Kisha barafu, kisha samaki. Samaki asiguse ukuta hata mmoja, kwa sababu joto linatoka ukutani. Kati yake na bati pawe na barafu. Safu ya juu kabisa ndiyo iwe nene kuliko zote. Barafu iliyomwagwa juu ya rundo peke yake, kama chumvi juu ya muhogo, inawapoza wa juu, na wa katikati wanaiva polepole.

Unene ndio wengi hawaufikirii. Muda wa kupoa haupandi sawasawa na unene: zidisha unene mara mbili, muda unaongezeka kama mara nne. Ngege (sato) aliyezungukwa na barafu yuko tayari upesi. Mbuta mnene wa sentimita 15 atachukua saa nyingi kabla uti wa mgongo haujahisi chochote, na rundo la nusu mita lisilo na barafu katikati litachukua siku kadhaa, yaani halitapoa, litaoza kwanza.

Kwa hao wakubwa dawa ni maji ya barafu. Kwa samaki wa kilo 40, tia maji safi lita 20 na barafu kilo 25, koroga, kisha watumbukize mara tu wanapotoka kwenye ndoano. Maji hugusa kila mahali, barafu peke yake hugusa hapa na pale. Alama ya kujua umeweka ya kutosha ni kwamba samaki wakishapoa bado kuna barafu inayoelea. Ikiisha mapema, ongeza. Wakishapoa wahamishie kwenye tabaka za barafu na maji yale umwage, maana kufikia hapo yameshajaa damu na ute.

Wapo wanaotia chumvi wakiamini barafu itadumu. Chumvi hufanya kinyume: huishusha chini ya sifuri na kuiyeyusha haraka zaidi. Samaki aliyeguswa na mchanganyiko huo huganda nusu nusu ngozini, na akija kulegea hutoa maji na minofu inakuwa kama sponji. Mwachieni chumvi muuza aisikrimu. Na zile chupa za soda zilizogandishwa kwenye friza ya nyumbani, ambazo akina mama wa soko la Kibuye hupanga katikati ya samaki? Si mbaya, ni safi na zinarudi kutumika. Tatizo ni kwamba chupa ya duara humgusa samaki kwa mstari mwembamba tu. Mimina maji baridi kidogo kati yao, zitafanya kazi maradufu.

Yote haya hayana maana kama samaki amekaa juani kwanza. Kwa digrii 26 kuoza huenda kama mara 12 ya kasi ya kwenye barafu. Saa moja ya kungoja mnunuzi apandishe bei imekula nusu siku ya maisha yake sokoni, na hakuna barafu inayorudisha. Wanaotoka visiwani wakiingilia ghuba ya Winam waongeze akiba ya angalau siku nzima ya boksi lao, kwa sababu gugumaji likifunga gati, mwenye boti anakaa akilitazama jiji la Kisumu kwa macho bila kulifikia.

Anayepeleka Nakuru aondoke jioni. Sababu si foleni peke yake. Ukipanda Kericho hadi Mau Summit usiku, nje kunaweza kuwa na digrii 10, na boksi lile lile linakula theluthi moja tu ya barafu ya mchana wa Kisumu. Mwaga maji kabla ya kuondoka, kisha utakapofika. Katikati usifungue mfuniko hata kwa kuchungulia. Ukifika tazama jicho na matamvua ya samaki wa safu ya katikati, si wa juu. Jicho liwe limetuna na angavu, matamvua mekundu, na ukibonyeza mgongo kwa kidole, nyama irudi.

Boksi likishaondolewa samaki lioshwe siku hiyo hiyo kwa maji ya sabuni, kisha ya klorini, kisha maji matupu, na lianikwe mfuniko ukiwa wazi na kizibo kimetolewa.