Jina la mwalimu

Usiku huu nimekitoa tena rafuni kitabu kikuu cha mwanafalsafa Martin Heidegger, kile cha 1927. Mara ya kwanza nilikisoma mwaka wa pili chuoni, miezi michache baada ya kumzika baba. Watu waliokuja matangani waliniambia ni kazi ya Mungu, nikaitikia. Lakini Mjerumani huyu ndiye aliyenionyesha kwamba kifo hakinisubiri mwisho wa safari, natembea nacho tangu sasa. Nilimpenda kwa hilo.

Leo sikufika hata kwenye sura ya kifo. Nimekwama kwenye tabaruku, yale maneno ya mwanzo ya kumtunukia mtu kitabu: kwa Edmund Husserl, kwa heshima na urafiki, Aprili 8, 1926. Ni siku mwalimu wake alipotimiza miaka 67. Husserl ndiye aliyemshika mkono, na alipostaafu, Heidegger akarithi kiti chake cha uprofesa katika Chuo Kikuu cha Freiburg. Husserl alizaliwa katika familia ya Kiyahudi.

Aprili 1933 Heidegger akachaguliwa mkuu wa chuo hicho, na Mei 1 akajiunga na chama cha Hitler. Ukuu aliuacha mwaka uliofuata, uanachama hakuuacha hadi 1945. Husserl alipofariki mwaka 1938, mwanafunzi wake hakwenda kumzika. Toleo la 1941 la kitabu kile likatoka bila tabaruku. Baadaye alijitetea kwamba mchapishaji ndiye aliyetaka hivyo, na kwamba shukrani kwa Husserl ilibaki kwenye tanbihi. Kwenye tanbihi! Mtu aliyekufundisha kufikiri!

Zamani nilikubali hoja kwamba ulikuwa woga wa wakati ule. Madaftari yake meusi, daftari za mawazo yake binafsi zilizoanza kuchapishwa 2014, yameninyang'anya faraja hiyo. Humo Wayahudi ni watu wa kupiga hesabu, wasio na ulimwengu wao. Hayo hakulazimishwa na yeyote. Aliyaandika peke yake, kwa lugha ileile ya falsafa iliyonishika mimi.

Mwaka 1967 mshairi Paul Celan, ambaye wazazi wake wote wawili walifia kambini chini ya Wanazi, alipanda hadi kibanda cha Heidegger kule milimani Todtnauberg. Kwenye kitabu cha wageni Celan aliandika kwamba moyoni ana tumaini la neno litakalokuja. Hadharani Heidegger hakulisema neno hilo hadi alipokufa 1976.

Nakala yangu ni ya baadaye, jina la Husserl limerudishwa. Pembeni mwa sura ya kifo kuna penseli yangu ya zamani, na jina la baba. Sikulifuta.