Huku taa iko chini

Jirani ameuliza tena. Huuliza kila Novemba, maziwa ya hapa Minnesota, Marekani, yanapoanza kushika barafu na msimu wa kuvua samaki kwa mkuki unapofunguliwa: "Mzee anakuja safari hii?" Nami humjibu kwamba mzee anamsalimu sana. Leo swali lake limenikaa moyoni tangu asubuhi, ndiyo maana naandika.

Baba alikuja Januari, mwezi mbaya kuliko yote. Waliowahi kupokea wazazi huku wanajua mambo yanavyokwenda. Wiki ya kwanza ni furaha na zawadi, ya pili mzee anazoea televisheni, baada ya hapo anakaa tu dirishani na koti lake mabegani. Nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Huyu ndiye mtu aliyekuwa nahodha wa mtumbwi wa dagaa kisiwani Ukerewe, Ziwa Viktoria, ambaye vijana walimsubiri atazame upepo kwanza ndipo washushe chombo majini. Sasa anamwuliza mkwewe kama anaruhusiwa kwenda kusimama barazani. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jirani ndiye aliyesema tumpeleke ziwani. Tukamkatia mzee leseni, tukamvisha nguo hadi akashindwa kukunja magoti, tukaondoka usiku kuelekea upande wa Brainerd.

Ufukweni Baba aligoma. Alisimama kwenye mstari ambapo nchi kavu inaishia, akataka kujua kwanza unene. Jirani hakumcheka. Alichukua mtaimbo akatangulia mbele akiugonga chini, kisha akaeleza, nami nikitafsiri: mtu anayetembea kwa miguu anahitaji inchi 4 za barafu nzuri, na pale tulipokuwa ilizidi futi moja. Baba akauomba mtaimbo, akagonga mwenyewe, akasikiliza. Ndipo akavuka. Katikati ya safari barafu ikanguruma chini yetu, mngurumo mrefu uliotoka ng'ambo ukapita hadi ng'ambo nyingine. Nikamweleza kwamba barafu hutanuka na kusinyaa baridi inapobadilika, ndiyo sababu inapiga kelele. Akasema, "Sawa. Na ziwa letu lina kelele zake."

Kibanda chenyewe kilikuwa cha mbao, hakina dirisha, ndani kimepakwa rangi nyeusi. Sakafuni kuna tundu la mstatili, kubwa kuliko mlango wa kabati, limekatwa kwa msumeno. Kuna viti vitatu, jiko dogo la gesi, mkuki wenye meno mengi umening'inia na kamba yake. Jirani akafunga mlango.

Kwa muda hukuona kitu. Halafu tundu likaanza kuwaka.

Sijui niieleze vipi kwa mtu ambaye hajaiona. Mchana wa nje hupenya kwenye theluji na barafu ya ziwa zima, ukaingia majini, na wewe uliyekaa gizani unauona ukikujia kutoka chini. Maji yalikuwa ya kijani, yanang'aa yenyewe. Kina hakikufika mita tatu. Niliona majani ya chini yamesimama wima, niliona konokono, niliona vipande vya viazi ambavyo jirani alivitupa chini ili samaki akipita juu yake aonekane kwa weupe. Baba aliinama hadi nikamshika koti. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema taratibu, kwa Kikerewe, lugha ambayo hakuwa amenisemesha tangu ashuke ndege, "Huku taa iko chini."

Mwenye kujua uvuvi wa dagaa ataelewa alichokiona. Maisha yake yote alifanya kazi usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, karabai zimewashwa juu ya maji meusi ili dagaa wapande wafuate mwanga. Zamani zilikuwa za mafuta ya taa, siku hizi ni za sola, lakini kazi ni ileile: mvuvi yuko kwenye mwanga, samaki yuko gizani. Hapa mambo yamepinduliwa yote. Aligundua papo hapo, bila kuelezwa na mtu, kwamba kibanda kimefanywa cheusi ili samaki asituone. Akaninyooshea kidole nivue kofia yangu ya rangi ya machungwa.

Aliuliza kwa nini chini hakujaganda. Nikamwambia nilichosoma: maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4, kwa hiyo hayo hushuka chini, na barafu kwa kuwa ni nyepesi hubaki juu ikiwafunika samaki. Akatikisa kichwa, akasema Mungu ni fundi.

Jirani akampa uzi. Mwisho wa uzi kulikuwa na samaki wa mbao aliyechongwa, mwenye madini ya risasi tumboni na mapezi ya bati. Watu wa Ojibwe, wenyeji wa maziwa haya, walikuwa wakitumia samaki wa kuchonga namna hiyo zamani sana, wakilala kifudifudi juu ya barafu na kujifunika blanketi ili kupata giza. Ukivuta uzi kidogo kidogo, ule mti unaogelea kwa kuzunguka. Baba aliuvuta mara chache, akapata mwendo wake. Jirani alinitazama, akanyanyua nyusi.

Paiki, samaki mwindaji tuliyemfuata, hakuja. Alikuwepo tu. Pembeni mwa tundu palikuwa patupu, halafu pakawa na pua bapa, ndefu, na jicho. Akasogea bila kutikisa chochote ila mapezi ya mashavuni, akasimama chini ya ule mti. Madoa yake meupe yalionekana moja moja ubavuni. Nilisikia pumzi za wazee wawili zikisimama. Jirani akamwekea Baba mkuki mkononi, na Baba hakuurusha. Aliuteremsha majini polepole mpaka meno yakakaribia mgongo, nyuma tu ya kichwa, ndipo akauachia. Hakuna aliyemfundisha hilo. Maji yakachafuka, kamba ikakaza.

Nje kwenye theluji alimpasua samaki kabla hajamsifu, kutazama alikula nini. Tumboni alikuwa na samaki wawili wadogo wenye mistari. Wazee wakachuchumaa juu ya lile tumbo wakizungumza, mmoja Kiingereza mwingine Kiswahili, na hawakuniita nitafsiri.

Jioni tulimla samaki huyo kwa ugali. Ana miiba migumu, lakini mtamu.

Ila kabla ya hapo, njiani, jirani akiwa anaendesha, Baba aliniuliza kama tarehe ya tiketi inaweza kurudishwa nyuma, aondoke mapema. Alisema kwa upole, akiwa bado na harufu ya samaki mikononi. Nilidhani nimemletea furaha, na furaha ilikuwepo, niliiona kwa macho yangu. Lakini huenda ile siku ndiyo iliyomkumbusha yeye ni nani, na akishajua hilo hakuweza tena kukaa dirishani. Au alikuwa amechoka tu na baridi. Sikumwuliza wakati ule, na kwenye simu si jambo la kuuliza.

Tulilipa faini ya kubadilisha tiketi, akaondoka msimu haujafungwa. Mama aliniambia kwamba alfajiri baada ya kufika Nansio, kulekule Ukerewe, alishuka mwaloni, mitumbwi inakoegeshwa, akakaa na vijana wanaoshona nyavu hadi jua likawa utosini. Aliwaeleza kibanda, tundu, viazi vilivyotupwa chini, yote. Wakamwambia, "Shikamoo babu, lakini hapo umetupiga kamba." Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye mwenye mtumbwi sasa, alinipigia usiku huohuo kuniuliza kama ni kweli.