Mzuka ukipanda siku tano mfululizo

Mwaka juzi mwezi wa tatu nilinunua vifaranga 200. Naishi chumba na sebule Tabata, banda sina, bibi yangu ndo aliyewahi kufuga kuku mi hata kumchinja naogopa. Nlikuwa nimelala masaa matatu tu, nikashtuka saa 9 usiku mwili mwepesi kama nimelala siku nzima, nikakaa na daftari napiga hesabu za mayai mpaka adhana ya alfajiri, na saa 2 asubuhi nishalipia. Wiki hiyohiyo nikafungua kurasa mbili za biashara Instagram, nikamfokea konda mpaka abiria wakanyamaza, afu nikamtumia mdogo wangu voisi ya dakika 11 kumweleza kwa nini aache kazi tufuge wote. Kazini mambo yalikuwa moto, bosi akanisifia mbele za watu, eti wote muige mzuka wa huyu dada.

Basi hapo ndo penyewe. Neno mzuka.

Kitaalamu ile hali inaitwa haipomania. Sio neno jipya, daktari wa Kijerumani Emanuel Mendel alilitumia mwaka 1881, na lile "haipo" la mbele ni Kigiriki, maana yake chini, yaani umepanda ila hujafika mania, ile hali ya kupanda mpaka mtu anavurugikiwa kabisa. Kipimo cha madaktari ni kwamba hali yako imebadilika, nguvu zimepanda, imekaa siku 4 mfululizo au zaidi na watu wanaokujua wanaona kabisa huyu sio wa kila siku. Ikifika wiki na maisha yanavurugika, au ikabidi ulazwe, hiyo ni mania. Na ukiwa juu hivyo ukaanza kusikia sauti au kuamini wewe ndo umetumwa kuikomboa nchi, hiyo nayo sio haipomania tena, ni mania. Kwa hiyo wale wa "leo nina bipola" (ugonjwa wa akili wa kupanda hivi na kushuka kwa zamu) kisa asubuhi alicheka mchana kanuna, hapana jamani, huko ni kununa tu.

Sasa tafuta neno la Kiswahili la hapo katikati. Kule mwisho tumejaza, kichaa, mwehu, wazimu, kadata, dishi limeyumba, apelekwe Milembe (hospitali yenyewe ya Dodoma inaitwa Mirembe ila mtaani R ilishakufa zamani). Chini huku, kwenye kudidimia, tumepata sonona, neno zuri, japo uswahilini bado utasikia "ana mawazo" au "ana stresi". Ila mtu anayepanda kidogo kidogo tunamwita nani? Kachangamka. Anajituma. Mpambanaji. Mzuka umepanda. Yote sifa! Mi nlikuwa naumwa halafu kila neno nnalosikia linanipigia makofi, ningejuaje?

Mama peke yake ndo hakupiga makofi. Yeye wa Tanga, aliniangalia siku moja akasema huyu sio mwanangu, kapandisha, akaniletea kombe ninywe, yale maji ya aya za Kurani. Nilicheka sana ile siku. Ila ukifikiria vizuri, kati ya watu wote ni yeye tu aliyeona kwamba kuna kitu kimeniingia, jina tu ndo tulitofautiana.

Mwezi wa sita nikadondoka. Kitanda, pazia limefungwa, simu imezimwa, vifaranga waliobaki alishachukua jirani kwa bei ya kutupa. Nikapelekwa hospitali moja nikaambiwa sonona, nikapewa vidonge vya sonona, na hakuna aliyeniuliza habari za kule juu, mi nami sikusema, maana nani anaenda kwa daktari kusema kuna wiki nlijisikia vizuri mno? Baada ya wiki mbili nlikuwa juu kama kishada. Kumbe mtu mwenye bipola ukimpa dawa za sonona peke yake zinaweza kumrusha.

Daktari wa pili hata hakuanza na mimi, alimgeukia mdogo wangu. Dada yako alishawahi kupitisha siku kadhaa analala kidogo na hachoki? Hilo hachoki ndo swali lenyewe. Mwenye stresi anakosa usingizi na asubuhi ni maiti, mimi nlikuwa siuhitaji usingizi kabisa. Mdogo wangu akajibu, dokta, huyu alinunua kuku.

Yangu ni bipola aina ya pili, haipomania na sonona zinapokezana bila kufika mania kamili. Kwenye kitabu cha magonjwa ya akili cha Wamarekani aina hii iliingia mwaka 1994 tu, na watu wengi wanaona neno "pili" wanadhani ni ndogo ndogo, waje wanione mwezi wa sita. Nameza litiamu, dawa ambayo John Cade wa Australia aliijaribu kwa wagonjwa akaiandikia mwaka 1949. Ni chumvi lakini ina masharti kama mganga: damu inapimwa kuona kiwango, figo na thairoidi (tezi ya shingoni) zinaangaliwa, nisikae na kiu, na nikiumwa mgongo nisijinunulie diklofenaki, ile dawa ya maumivu, duka la dawa kwa sababu inapandisha litiamu mwilini.

Nisiwadanganye, naumiss ule mzuka. Sonona siitaki hata kwa dawa, ila zile siku tano za mwezi wa tatu kuna usiku nazikumbuka kama mchumba aliyenikopa hela akapotea.

Na mdogo wangu tuna neno letu sasa. Juzi nlikuwa nafua mapazia, naimba, nikaipiga picha sebule nilivyoipanga upya nikamtumia. Hakusifia. Akajibu tu: dada, vifaranga wangapi? Nikaangalia saa ya simu, saa 8 na dakika 20 usiku. Nikamwandikia: kama 30 hivi. Akasema kesho nakuja, pazia moja acha nifue mimi.